Mhariri, tuandikieni muswada ukiwa bado kwenye kamati

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma kila linapotufikia huku Singida, na kurasa za Bunge ndizo ninazoanza nazo. Ndiyo maana nina ombi. Habari za muswada tunazipata siku Spika anapotamka "nafikiri walioafiki wameshinda". Siku hiyo mwananchi hana tena la kufanya.

Miaka kadhaa iliyopita nilisoma hivyohivyo habari ya sheria iliyogusa biashara ya mazao yetu. Jioni ileile nikampigia simu mbunge wetu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Mzee wangu, haya ungenipa wakati muswada uko kwenye kamati." Sikujua hata kama ulipita kwenye kamati. Iliniuma, nikaanza kufuatilia.

Muswada huchapishwa kwanza katika Gazeti la Serikali, na mwishoni huwa na Madhumuni na Sababu, kurasa chache ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ukisomwa Mara ya Kwanza hakuna mjadala. Spika huupeleka kwenye kamati ya kisekta, yaani kundi la wabunge wanaoshughulikia sekta hiyo, na kazi yenyewe ndipo inapofanyika. Waziri na wanasheria wa Serikali wanaulizwa neno kwa neno, wadau wanaitwa, maoni ya maandishi yanapokelewa. Kamati ikisimama imara, Serikali yenyewe huleta jedwali la marekebisho, na ibara iliyokuwa imuumize mkulima inaondoka kimyakimya bila kupigiwa meza.

Tunachokiona kwenye televisheni ni Mara ya Pili: Waziri anatoa hoja, Mwenyekiti wa kamati anasoma maoni, wabunge wanachangia. Bunge likikaa kama Kamati ya Bunge Zima, ibara zinapita moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo mbunge asiyejiandaa hawezi kuifuata. Mara ya Tatu ni dakika chache. Kisha ni saini ya Rais, ambaye kwa Ibara ya 62 ya Katiba ni mojawapo ya sehemu mbili za Bunge. Anaweza kukataa na kuurudisha muswada pamoja na sababu zake, lakini sisi wakulima hatuwezi kuweka matumaini yetu hapo.

Mwaka 2017 miswada mitatu ya rasilimali na madini iliingia Dodoma kwa hati ya dharura, yaani hati inayoruhusu muswada uharakishwe kuliko kawaida. Lengo lake niliunga mkono na bado naunga mkono, maana madini ni mali yetu. Ila wadau walipewa siku chache tu, kwa sheria zinazokusudiwa kulinda vizazi. Hati ya dharura ikitumika hivyo, inayobanwa ni hatua ileile ya kamati, mlango pekee ambao mtu kama mimi anaweza kuupitia. Na mlango huo ukibanwa, ni magazeti yanayopaswa kupaza sauti siku hiyohiyo.

Naomba basi nusu ukurasa kila wiki Bunge linapokutana: muswada upi uko kamati gani, lini inapokea maoni, yapelekwe wapi, na ibara zipi zinamgusa mkulima, mvuvi, machinga. Kisingizio cha lugha hakipo tena, kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Mwandishi wenu aliyeko Dodoma atembee hadi vyumba vya kamati, asiketi ukumbini peke yake.

Mkutano wa bajeti huanza Aprili, na Muswada wa Sheria ya Fedha hufika mbele ya Kamati ya Bajeti mwezi Juni. Kodi ya mafuta ya kula ikiguswa humo, bei ya alizeti yetu inatikisika msimu mzima. Mwanze na huo, Mhariri.

Mkulima wa alizeti,
Singida