Ufunguo Anao Nani?

Swahiba wangu,

Barua yako niliipata juzi nikaisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi. Sisi hatujambo, na ule mguu wangu umeshapona, kwa hiyo ya afya tuyaache hapo tuingie kwenye tamasha lako.

Umeniandikia kurasa tatu nzima. Jukwaa lipo, maturubai yapo, mgeni rasmi yupo, fulana zenye nembo zipo, na shindano la kuchora la watoto lina zawadi kwa mshindi wa kwanza hadi wa tatu. Lakini nimetafuta mahali ulipoandika hao wasanii watafanyia wapi mazoezi siku nyingine zote za mwaka, sikupaona. Usinikasirikie. Nakuuliza kwa sababu swali hilo lilishaniumiza.

Kile kikundi chetu cha maigizo, kwa mfano. Wewe ulikuwa umeshahama kilipokufa, na najua ulisikia kwamba tuligombana. Kugombana tuligombana, nani asiyegombana? Kilichotuua ni ufunguo. Tulikuwa tukifanyia mazoezi kwenye darasa moja jioni, na ufunguo alikuwa nao mlinzi ambaye alitupenda tu, bila barua wala mkataba. Siku alipohamishwa, mlinzi mpya akataka barua. Barua ikataka muhuri. Mwenye muhuri alikuwa likizo. Tukahamia barazani, mvua ikaja, mpiga kinanda akaacha kuja kwa kuogopea kinanda chake, na yule dada aliyeshika nafasi kubwa akapata kazi ya zamu za jioni. Wiki tano zilitosha. Lile igizo ninalo mpaka leo, limo kwenye daftari ambalo pembe moja imekunjamana kwa maji, na onyesho la mwisho limeishia katikati ya sentensi ya mama mkwe.

Ndiyo maana naona kazi ya kwanza ni kutafuta chumba. Hata kibovu, mradi kina mlango unaofungwa, taa inayowaka na siku zinazojulikana, na ufunguo uwe mikononi mwa watu wawili walioandikishiana. José Antonio Abreu alipoanza orkestra yake ya vijana kule Venezuela mwaka 1975, mazoezi ya kwanza yalifanyika kwenye gereji ya kuegesha magari mjini Caracas, na waliotokea walikuwa 11 tu. Angekuwa mtu wa tamasha angekunja virago siku ileile. Yeye alikuwa mtu wa mazoezi, na kutokana na wale 11 ukaja mpango uliofundisha muziki mamia ya maelfu ya watoto.

Halafu hilo shindano. Hapa nitakusumbua kidogo, kwa sababu najua unalipenda. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Teresa Amabile, aliyechapisha mwaka 1982 jaribio alilowafanyia wasichana wadogo waliokuwa wakitengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi. Kundi moja liliambiwa zawadi watapewa waliotengeneza picha bora. Kundi jingine likaambiwa zawadi zilezile zitatolewa kwa bahati nasibu. Picha zilipopelekwa kwa wasanii wazitathmini bila kujua ya nani ni ipi, zile za kundi la ushindani zilionekana na ubunifu mdogo zaidi. Mimi sikushangaa. Mtoto ukimwambia kuna jaji, anachora kile anachodhani jaji anakitaka: nyumba, mti, jua lenye miale kwenye kona ya karatasi. Yule asiye na jaji ndiye anayekuchorea samaki ndani ya basi.

Basi zawadi zako usizifute, watoto wanapenda zawadi. Zitoe tu kwa bahati nasibu. Na picha zote zibandikwe ukutani, hata zile mbaya, zikae mwezi mzima ili mwenyewe apite na jirani yake amwonyeshe.

Sasa pesa, jambo ambalo umeliandika kwa mstari mmoja: "wasanii tutawapa vyeti na watajitangaza." Cheti changu cha namna hiyo ninacho. Tulialikwa na watu fulani kwenye sherehe yao tukaigiza chini ya jua kali, na mwisho wa siku mafundi vipaza sauti walilipwa, mpambaji akalipwa, sisi tukapewa vyeti. Na jina langu walilikosea. Ukiwa na pesa kidogo, afadhali uite vikundi viwili uvilipe kuliko kuita kumi uvishukuru.

Kuna jambo jingine linalofanya hesabu ya sanaa iwe ngumu, na si uzembe wa wasanii. Mwaka 1966 wachumi wawili, William Baumol na William Bowen, walilieleza vizuri: kiwandani mashine mpya humwezesha mfanyakazi yuleyule kutoa bidhaa nyingi zaidi, ila wapigaji wanne wakipiga muziki ulioandikwa miaka mia mbili iliyopita, bado wanatakiwa wanne, na dakika ni zilezile. Mishahara ya wengine inapanda, wao hawawezi kupiga haraka zaidi ili waifikie. Kwa hiyo tiketi peke yake haitakutosha hata ukumbi ukijaa. Pengo hilo ataliziba nani? Usimtegemee mfadhili mmoja mkubwa, maana siku akinuna mmekwisha. Watafute watu thelathini wa kuchangia kidogo kila mwezi, kisha waandikie kila mwezi pesa yao imefanya nini: taa imebadilishwa, ngoma imewambwa upya. Mtu anayejua kwamba ile taa ni yake atakuja kuangalia kama inawaka.

Ayalandi walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 serikali yao ilianza majaribio ya kuwapa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki kwa miaka mitatu. Waliothibitisha kwamba kweli ni wasanii na kukidhi masharti walichaguliwa kwa bahati nasibu, hapakuwa na jopo la kuamua nani fundi kuliko nani. Najua wewe si serikali. Lakini wazo la kumlipia mtu muda wake linaweza kupunguzwa hadi likaenea mfukoni mwako: mlipie mchoraji mmoja Jumamosi zake za miezi mitatu, akae kwenye hicho chumba akichora, mlango wazi, anayetaka kuingia aingie. Usimwambie achore nini.

Tamasha sikatai. Lifanye mwaka ujao, wakati kuna kitu kilichoiva cha kupandisha jukwaani, na mimi nitakuja nikae mstari wa mbele nipige makofi hadi viganja viwashe.

Kwa sasa nenda ukaulize kuhusu lile ghala tupu uliloligusia ukurasa wa pili kana kwamba si kitu. Nani mwenyewe, na ufunguo anao nani? Ukipata jibu niandikie hata mistari miwili. Nina viti sita vya kukunja vilivyobaki kwenye kikundi chetu, nitakutumia vyote. Chenye rangi ya kijani mguu wake umelegea, mpe mgeni rasmi.

Ndimi swahiba wako wa siku zote.