Kuhusu ubongo wa mpwa wako

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Umeniuliza kama mpwa wako unayemlea, ambaye dada yako alitumia heroini alipokuwa mjamzito, amezaliwa na ubongo uliokwisha kuharibika. Siamini hivyo, ingawa siwezi kukuambia kwamba hakuguswa.

Heroini hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye mwili wake huizoea kama ulivyoizoea wa mama. Ndiyo sababu alipozaliwa alishikwa na arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa dawa uliyoizoea, akawa anatetemeka, analia kwa sauti kali na kunyonya kwa shida. Hali hiyo hutibika na hupita. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mfadhaiko wa baadaye. Mtoto anayeishi katika hofu isiyokwisha, bila mtu mzima wa kumtuliza, hukaa na kiwango kisicho cha kawaida cha kotisoli, homoni ya tahadhari, na hipokampasi, yaani sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu na kusaidia kuizuia homoni hiyo isizidi, nayo huathirika. Ni kama breki inayoliwa na mwendo uleule iliopaswa kuupunguza.

Miaka ya 1980, nchini Marekani, watoto wa mama waliotumia kokeini walitangazwa kuwa kizazi kilichopotea. Walipofuatiliwa hadi ujanani, madhara yalionekana kuwa madogo kuliko yaliyotabiriwa, na mara nyingi umaskini na hali ya nyumbani vilikuwa na uzito kuliko dawa yenyewe. (Pombe, ambayo madhara yake kwa mimba yamethibitika vizuri zaidi, haikupigiwa kelele kiasi hicho.) Tena, katika utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, watoto 136 wa vituo vya yatima waligawanywa kwa kura, baadhi wakapelekwa kwa familia za kuwalea, waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka 2 ndio walionufaika zaidi, hata katika mawimbi ya umeme ya ubongo.

Kwa hiyo akishtuka usiku, punguza mwanga na kelele, umlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi mpaka atulie, na usiogope kumdekeza. Atakapoanza shule, angalia usikivu wake na namna anavyojizuia, kwani sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka 25. Na daktari akiuliza kuhusu pombe na sigara wakati wa mimba, usimsitiri dada yako: mweleze yote, maana vipimo atakavyomfanyia mtoto vitategemea majibu hayo.

Wako akupendaye.