Bastola ya "babu wa babu" kumbe ya juzi tu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni, naona Waswahili wenzangu huku Marekani wanazidi kuingia mkenge ule ule nilioingia mimi.

Mi ni mtu wa Tabora, nimekulia nyumba yenye gobori, babu alikuwa nalo la kufukuzia nguruwe shambani, kwa hiyo harufu ya baruti nyeusi kwangu ni harufu ya nyumbani kabisa. Sasa miaka kadhaa nyuma nikaenda maonyesho ya silaha hapa Ohio, yanafanyika kwenye maukumbi makubwa, meza kwa meza, kelele kama Kariakoo, nikakuta mzee mmoja ana rivolva ya fremu (kiunzi chake) ya shaba inang'aa kama sinia la bibi harusi, ananiambia hii imepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 mpaka 1865, ilikuwa ya babu wa babu yake. Nikatoa hela hapo hapo, hata kuikagua sikukagua.

Kufika nyumbani nikaimulika na tochi, ubavuni nikaona kiboksi kidogo kimegongwa herufi AE. Kumbe ni kopi iliyotengenezwa Italia, na huko kila silaha lazima ikapimwe kwanza, na nyumba yao ya kupimia iko Gardone Val Trompia, mkoa wa Brescia, wakishapima wanagonga mihuri, na ndani ya kiboksi wanaweka mwaka kwa mafumbo: AA ni 1975, AB ni 1976, kwa hiyo AE ni 1979. Za nyuma zaidi zina namba za Kirumi, XX ni 1964. Ukiona na PN ujue ni baruti nyeusi kwa Kiitaliano. Sasa 1979 vita ninayoijua mimi ni ya Kagera, labda babu wa babu yake alikuwa upande wa Amin.

Sisemi kopi ni mbaya, hapana. Waitaliano wanazitengeneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Uberti, mmoja wa watengenezaji wao, alianza 1959, na hata zile zenye jina la Colt, kampuni ya Marekani, zilizotoka kuanzia 1971 vipande vyake vilitoka Italia. Tatizo ni watu kununua hadithi na mng'aro. Colt ya kweli, 1851 Navy au 1860 Army, fremu yake sio ya shaba. Shaba walitumia watu wa Kusini kwenye vita hiyo, mfano kiwanda cha Griswold & Gunnison kule Georgia, sababu chuma kilikuwa cha shida, na zile tundu la mtutu lilikuwa inchi .36. Hii ya shaba ya .44 kama yangu ni kopi ya kibiashara tu, na shaba ni laini bwana, mtu akishindilia baruti nyingi miaka na miaka silinda (lile pipa linalozunguka lenye chemba za risasi) inarudi nyuma inagonga fremu mpaka meno yake yanajichora pale, na ile pini nene ya katikati inaanza kulegea. Yangu nilipoitoa mtutu nikakuta duara limejichora nyuma kama mtu kagonga muhuri wa ofisi.

Kwa hiyo ukishika ya mtumba, kwanza kabisa hakikisha haina kitu ndani, mulika chemba zote kwa mbele, hizi zinaweza kukaa na baruti na risasi miaka kibao kwenye droo na bado ikalipuka. Halafu muombe mwenyewe atoe kabari, kile kichuma kinachoshikilia mtutu, atenganishe mtutu na silinda, akikataa we shukuru uondoke. Angalia hiyo fremu kwa nyuma, tingisha pini, haitakiwi kucheza hata kidogo. Ukiirudisha, vuta nyundo pole pole huku kidole kinaizuia silinda kidogo, lazima silinda ijifunge yenyewe nyundo ikifika mwisho, sio mpaka uisaidie. Vile vichuchu vya kuvalisha fataki (vikofia vidogo vya kuwashia baruti) vikiwa vimepondeka ujue mtu alikuwa anachezea nyundo bila fataki, vikiwa vimeganda kwa kutu basi hakuwa anaosha, na baruti nyeusi isipooshwa inakula chuma kweli kweli. Za Uberti kuna moja watu hawaambiwi, pini ya katikati nyingi haifiki mwisho wa tundu lake, ukigonga kabari kwa nguvu mtutu unarudi nyuma silinda inakwama, inarekebishika lakini hiyo ni punguzo la bei. Kama ndo unaanza mi ningekwambia chukua kopi ya Remington 1858, fremu imezunguka juu mpaka chini, haina kabari, haina longolongo.

Na vijana wa nyumbani, akiwemo mtoto wa dada yangu anayenipigia kila wiki "mjomba niletee ya kauboi", jamani. Sheria ya Marekani ya 1968 haizihesabu hizi kama silaha za moto za kawaida ndo maana zinatumwa kwa posta mpaka mlangoni, tena sio majimbo yote, New Jersey wanaichukulia kama bastola nyingine yoyote. Huo msamaha haupandi ndege. Hata gobori la babu lilikuwa na kibali, ije kuwa rivolva kwenye begi la nguo pale uwanja wa ndege Dar?

Yule mzee nilimkuta tena mwaka jana, meza ile ile, ana nyingine ya shaba na babu ni yule yule. Nikamwomba niangalie ubavuni karibu na fremu. Akaivuta akaifunika na kitambaa, akasema hiyo imeshauzwa.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio