Mafundi, msitupe kilichooza kabla hamjatuuliza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa gereji, hasa vijana. Nina MG TA ya mwaka 1937, gari dogo la viti viwili lililoundwa Abingdon, Uingereza. Yalitengenezwa takriban 3,000 tu, kati ya 1936 na 1939. Langu nililinunua likiwa ndani ya banda la kuku, halina magurudumu, injini imekwama haizunguki. Pale mtaani wakanicheka: "Mzee, tia injini ya Probox utembee." Sikuwajibu.

Injini haikunishinda. Nimestaafu reli, chuma nakijua, na hata klachi yake iliyovikwa koki, ile ya vizibo vya chupa, inayoogea oili niliizoea. Kilichonichezea shere ni bolti. Kichwa chake kinakubali spana ya Whitworth, ya Kiingereza, kumbe uzi wake ni wa milimita, tena si milimita za dukani: bolti ya milimita 8 ya leo huwa na nafasi ya milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi, hii ni 1.0. Kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilichounda injini hii, kilikuwa cha Hotchkiss, Wafaransa, kabla Morris, mwunda magari Mwingereza, hajakinunua mwaka 1923. Mashine zikabaki zilezile. Vichwa vya bolti ndivyo vilivyofanywa vya Kiingereza ili spana za mafundi wao ziingie. Nimeharibu matundu mawili kabla sijalijua hilo. Sasa bolti nazikereza mwenyewe.

Msiba wangu ni mbao. Bodi ya gari hili ni fremu ya mbao iliyovikwa bati, na milango yake ina bawaba upande wa nyuma, kwa hiyo mwimo wa nyuma ndio unaobeba uzito wote. Miimo yangu miwili ililiwa na mchwa. Ukiigusa inamomonyoka, lakini ukiitazama unaona kila mkunjo, hata tundu la skrubu. Nikaipeleka pamoja na bodi kwenye gereji moja ya hapa mjini ili bati linyooshwe. Siku ya tatu narudi, bati limenyooka, kazi safi, sina neno. Mbao je?

"Zile zilizooza, mzee? Tulichemshia chai."

Chai hiyo imenigharimu miezi minane. Nilimwendea fundi wa majahazi na picha. Akazigeuza geuza, akanirudishia: yeye hachongi taruma, mbao za mbavu, kwa picha, nimletee kigezo hata kikiwa vipande vipande. Tumekisia kwa kadibodi mara tatu. Mlango wa kushoto sasa unafunga. Wa kulia, upande wa dereva, nikipita tuta unafunguka, nami naushika kwa kiwiko.

Mteja akikuletea gari la kale, kijana wangu, tia kila kilichotoka kwenye gunia, hata kijiti kilichotobolewa na wadudu, uandike kilitoka wapi. Kuni zipo sokoni.

Na kama kuna msomaji mwenye TA, awe Mombasa, Nairobi ama Arusha, namwomba aniruhusu nije na kadibodi na penseli nipime mwimo wa upande wa dereva. Nusu saa yatosha. Chai nitakuja nayo.

Fundi mstaafu wa reli,
Changamwe, Mombasa