Akaunti ya barua pepe isifutwe siku mfanyakazi anapoaga

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenye kampuni, SACCOS na mashirika ya Mbeya, Iringa na Njombe, pamoja na wafanyakazi wao. Mikataba mingi huisha Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa, na hapo ndipo watu wanapohama. Mhasibu wa kiwanda cha mbao Mafinga anakwenda Makambako. Karani wa mauzo ya parachichi Njombe anapata kazi Mbeya mjini. Siku ya mwisho anarudisha funguo, akaunti yake ya barua pepe inafutwa, na kompyuta inapelekwa kwa fundi ipigwe windo, yaani ifutwe na kuwekewa Windows upya, ili mgeni aikute safi. Kwa mtindo huo mawasiliano ya miaka mitano na wateja hupotea mchana mmoja, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Kinachoponza ni kutojua barua zinakaa wapi. Kwenye Outlook, programu ya barua pepe inayotumika ofisi nyingi, fungua "File", kisha "Account Settings", uangalie maandishi yaliyo mkabala na jina la akaunti. Ukikuta POP, shika kichwa: barua zilishushwa kwenye mashine hiyo na mara nyingi zikafutwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayopokea barua, kwa sababu mpangilio wa kawaida wa Outlook kwa POP huacha nakala kwenye seva kwa siku 14 tu. Hiyo kompyuta kuukuu iliyo kona ya ofisi ndiyo ghala pekee. Ukiipiga windo, hakuna pa kuzitafuta tena. Barua zimo kwenye faili lenye mwisho wa .pst, ambalo kwa kawaida liko kwenye folda ya Documents, ndani ya "Outlook Files".

Ukikuta IMAP au Exchange, barua zenyewe ziko kwenye seva, na mashine ina kivuli chake tu, faili la .ost. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu ananakili .ost kwenye flashi, anaondoka ameridhika, na akifika kazi mpya faili linagoma kufunguka. Faili hilo limefungwa na akaunti iliyolitengeneza. Akaunti ikishafutwa, Outlook nyingine hailipokei. Lazima barua zitolewe kuwa .pst wakati akaunti bado iko hai. Na kwa IMAP kuna jambo jingine: majina ya wateja na kalenda hukaa kwenye kompyuta hiyo tu, hayapandi kwenye seva. Outlook yenyewe huyaandikia "This computer only", ila ni wachache wanaosoma maneno hayo.

Kabla ya kutoa chochote kwenye akaunti ya Exchange, rudi kwenye "Account Settings", chagua akaunti, bofya "Change". Utaona kitelezi kinachopanga barua za muda gani zikae kwenye mashine. Mara nyingi kimewekwa miezi 12, na ukitoa nakala hivyo hivyo utapata mwaka mmoja tu, bila onyo lolote. Kisukume hadi mwisho, "All", uwashe Outlook upya, kisha uiache mpaka chini kabisa ya dirisha iandike kwamba folda zote zimekamilika. Kwa intaneti ya bando na sanduku la GB 10, hiyo si kazi ya Ijumaa jioni. Ianze wiki mbili kabla.

Kutoa nakala kwenyewe, kwa Outlook ya 2013 na kuendelea: "File", "Open & Export", "Import/Export", chagua kupeleka kwenye faili, kisha Outlook Data File. Bofya jina la akaunti lililo juu kabisa, si Inbox, na uweke tiki kwenye "Include subfolders". Ukisahau tiki hiyo, folda ndogo ndogo za wateja zitabaki nyuma. Faili liandikwe kwanza kwenye diski ya kompyuta, ndipo lihamishiwe nje. Kuandika moja kwa moja kwenye flashi huchukua muda mrefu, na flashi ikitikisika faili linaharibika. Mashine yenye RAM ya GB 2 na diski ya kuzunguka (HDD) itachukua saa kadhaa. Kwa kompyuta ya mezani tumia UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Kwa laptopu ambayo betri imekufa, subiri siku yenye umeme wa uhakika.

Wakati wa kuhamisha, funga Outlook kabisa. Ikiwa wazi hulishikilia faili, na Windows itasema linatumika. Halafu kuna flashi ya GB 32 iliyo tupu inayokataa faili la GB 6. Watu huitupa wakidhani ni feki. Kumbe imeformatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Iformati upya kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kilichomo kitafutika, au gawa barua kwa mwaka kwenye mafaili mawili matatu. Faili likigoma kufunguka, Office ina programu ndogo iitwayo SCANPST.EXE, iendeshe juu ya nakala, si juu ya faili la asili, na uirudie mpaka isikute kosa. Mafaili yaliyoanzishwa na Outlook 2002 au ya kabla ya hapo yana kikomo cha GB 2, na yakikikaribia huanza kuharibika. Bado yapo kwenye ofisi ambazo zimekuwa zikihamisha faili lile lile kutoka mashine moja hadi nyingine.

Majina yanayojitokeza unapoanza kuandika anwani si orodha yako ya mawasiliano. Ni kumbukumbu tu ya watu uliowahi kuwaandikia, na hayaingii kwenye .pst kama majina ya wateja. Mnunuzi wa chai au kahawa ambaye anwani yake iko hapo peke yake, mfungulie kadi ya mawasiliano sasa.

Kompyuta kuukuu ina vikwazo vyake. Ikigoma kabisa kuunganisha, ikileta onyo la cheti cha usalama, tazama saa kwanza. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama ikiisha, ukichomoa mashine kwenye umeme Ijumaa, Jumatatu itawaka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Kwa tarehe hiyo cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika, na muunganisho unakataliwa. Rekebisha tarehe, badilisha betri, utaingia. Sababu nyingine ni Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Bila masasisho yanayohusika Outlook huongea na seva kwa TLS ya zamani, yaani njia ya kufunga mawasiliano kwa siri, na seva nyingi leo hazikubali. Mtu anabadilisha neno la siri mara tano, anafungiwa akaunti kwa kubahatisha, na neno la siri halikuwa na kosa lolote. Katika hali hiyo sakinisha Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, kwenye mashine mpya zaidi na ushushe barua kwa IMAP, mlango namba 993. Kwa POP hilo halisaidii. Faili liko kwenye mashine ya zamani na ni lazima lichukuliwe hapo.

Sasa, nani achukue nini? Nakala kamili ni ya ofisi, akabidhiwe anayepokea kazi, kwa maandishi. Anayeondoka achukue vilivyo vyake: hati za mshahara, barua ya ajira, mawasiliano ya NSSF, vyeti alivyotumiwa. Kubeba orodha ya wateja, namba zao na taarifa zao za benki ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihusu taarifa hizo. Na neno la siri linalowekwa kwenye faili la .pst lisimdanganye mtu, maana huvunjwa kirahisi sana. Nakala ifungiwe kwenye kabati.

Anayeondoka pia aorodheshe kila mahali alipojisajili kwa anwani ya kazi: benki, mifumo ya ajira, hata Gmail yake binafsi iliyowekewa anwani ya kazini kama njia ya kuirejesha. Abadilishe akiwa bado anaweza kupokea namba ya uthibitisho. Upande wa kampuni hatari ni kubwa zaidi. Jina la tovuti la .co.tz hulipiwa kila mara muda unapokwisha, na ilani hutumwa kwa anwani ya aliyelisajili. Kama ni ya aliyehama, ilani haitamfikia mtu. Jina likikatika, barua pepe za ofisi nzima zinakufa pamoja nalo. Akaunti ya kampuni kwenye mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST nayo iangaliwe hivyo hivyo, la sivyo zabuni itafungwa huku mkihangaika na neno la siri.

Kwa waajiri, nawasihi sana: badilisheni neno la siri siku anapoondoka, lakini msifute akaunti. Wekeni jibu la moja kwa moja linalomtaja anayeshika nafasi, na barua ziende kwake kwa siku 90. Msimu wa mavuno una wateja wanaoandika mara moja kwa mwaka, na mwezi mmoja hautoshi kuwapata. Wanaotumia Microsoft 365 wanaweza kuigeuza akaunti kuwa sanduku la pamoja, ambalo halihitaji leseni likiwa chini ya GB 50. Aliyekwisha kufuta awahi: Microsoft 365 hurejesha mtumiaji ndani ya siku 30, Google Workspace ndani ya 20. Na kuanzia sasa mawasiliano ya wateja yapitie anwani za kitengo, kama mauzo au uhasibu, badala ya jina la mtu.

Kompyuta yenyewe ipigwe windo mwisho kabisa, baada ya nakala kufunguliwa kwenye mashine nyingine, ikatafutwa barua ya mwaka wa kwanza na kiambatisho chake kikafunguka. Kuondoa akaunti kwenye Outlook hakufuti .pst, faili hubaki pale pale. Mkiuza mashine, chagueni kufuta vyote pamoja na kusafisha diski. Windows hutoa nafasi hiyo unapoirejesha upya, na kwa diski ya kuzunguka iacheni ifanye kazi usiku kucha.

Fundi wa kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya.