Kamera ya joto hukaa kwenye keria

Shangani, Mtwara

Sahibu yangu,

Salamu kwako na kwa wote huko Liwale. Naanza na swali uliloliweka mwisho wa barua, kama mnaweza kuwinda usiku kwa gari lenye kamera ya joto (ile inayoona joto la miili hata gizani), maana ndilo zito. Kuwinda usiku kwa gari, hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda gizani na kupiga risasi ukiwa garini. Lakini gari la doria kufungwa kamera ya joto, mkawaona nguruwe na tembo kabla hawajafika kwenye mahindi na kuwawinga kwa honi na tochi, hiyo ni kazi nyingine.

Sasa kamera yenyewe. Msiiweke ndani, nyuma ya kioo cha mbele. Kioo cha gari hakipitishi mawimbi ya joto inayoyasoma (yenye urefu wa mikromita 8 hadi 14), kwa hiyo mtaona joto la kioo tu. Ndiyo sababu lenzi yake ni ya jemaniamu, madini yanayopitisha joto hilo, na ndiyo sababu bei inatoa machozi. Ifungeni kwenye keria ya juu ya gari, mbele kabisa, boneti isionekane pichani. Boneti iliyopata joto ikiingia kwenye picha, kamera hujipanga kwa joto hilo, na vya mbali vyote vinafifia. Sumaku haifai kwa barabara zenu. Wekeni bolti nne, nati za kujikaza, na raba katikati.

Umeme: kamera nyingi ni za volti 12. Gari likiwa na betri mbili, pimeni kwanza kwa mita, maana zikiungwa mfululizo ni volti 24 na mtaiunguza siku ya kwanza. Vuteni waya moja kwa moja toka kwenye betri, fyuzi ikae shubiri moja tu kutoka hapo. Mkichukua umeme kwenye tundu la kuwashia sigara, kila mkipiga stata kamera yaweza kuzima. Mistari ikitembea kwenye skrini mkikanyaga mafuta, ni altaneta, ile inayochaji betri: pelekeni waya zote za ethi (hasi) mahali pamoja, na waya wa picha upite mbali na waya wa chaji.

Lenzi msidanganywe na "inaona kilomita mbili". Kwa lenzi ya milimita 35 na pikseli (vile vidoa vidogo vinavyounda picha) za mikromita 12, katika mita 500 kila pikseli inabeba kama sentimita 17. Tembo wa mita 3 atapata pikseli 17 hivi, mtamjua. Nguruwe wa sentimita 70 atapata 4: doa tu, na doa hilo laweza kuwa mbuzi au mtu aliyechutama. Msogelee hadi mita 200, atafika pikseli 10. Na kumbuka kuna watu wamelala madunguni, kwenye vibanda vya kulindia shamba. Mkiona doa kwenye dungu, tochi kwanza, honi baadaye, baruti msiguse.

Saa nazo zina maneno. Jua likizama na likichomoza, mnyama na ardhi hukaribiana joto, picha inakuwa uji. Vichuguu na mawe yaliyopigwa na jua hung'aa mapema usiku kama kundi zima la wanyama. Kuanzia saa tano hadi alfajiri ndipo picha inapokaa sawa. Baada ya mvua kila kitu kimelowa na kupoa pamoja, na ukungu ukishuka rudini mkalale.

Lenzi isifutwe kwa kanga yenye vumbi, itakwaruzika. Pulizeni vumbi kwanza, kisha pamba safi na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Mchana ivalisheni kofia yake: jua likiingia moja kwa moja laweza kuacha alama isiyofutika.

Msitoboe keria kabla hujanitumia picha yake.

Wako,
mwenzako wa Shangani