Mtumbwi wa Walinzi Unavuja: Wito wa Harambee kwa Ajili ya Shakwe wa Musambwa

Ndugu zetu mlioko Kampala, Masaka, Bukoba na Mwanza, nyote mliosomeshwa kwa sangara wa mwalo huu: Assalam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunaona haya kubisha hodi tena. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita hata kile kimo cha 1964 ambacho wazee hawakuacha kukisimulia, mlituma mablanketi na maturubai kabla hatujamaliza kuomba. Mungu awazidishie. Mlisema tukikwama tusinyamaze. Basi tumekwama.

Mtumbwi wa walinzi wa ndege umeoza. Tumeuziba kwa pamba na lami mpaka pamba imekuwa nyingi kuliko mbao. Vijana wawili wakipiga kasia, wa tatu kazi yake ni kuchota maji kwa kopo la rangi, kutoka mwaloni hadi visiwani. Ziwa likichafuka wanabaki huko huko, unga umekwisha, na mama zao wamesimama ufukweni wakitutazama sisi viongozi.

Mnaijua Musambwa, visiwa vyetu upande wa Uganda: miamba mitupu, na shakwe wa kichwa kijivu wanaotaga chini kati ya mawe, mayai mawili au matatu kila kiota, karibu na minandi na yangeyange. Ni mojawapo ya mazalio makubwa ya shakwe hao Afrika. Mwaka 2006 visiwa hivyo, pamoja na Sango Bay na mto Kagera, viliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Nasi tuliozaliwa hapa tusidanganyane, yai la shakwe tumelila sana, la kuchemsha, kwa chumvi.

Hasara haiishii kwenye ndoo ya mwokotaji. Akipita kati ya viota, ndege wote wanaruka; jua linayapiga mayai yaliyoachwa wazi, na shakwe wa jirani hushuka akayadonoa. Ndiyo maana wavuvi wa kisiwani, wakisaidiwa na shirika la uhifadhi la NatureUganda, walijiwekea masharti ya kuokota mayai. Masharti bila mlinzi ni maneno tu. Walinzi hao hao ndio wanaoopoa nyavu zilizotelekezwa, kwa sababu mnandi akizamia samaki akanasa humo, harudi juu.

Nyoka wa Musambwa hatuwaui kwa kuheshimu mizimu. Shakwe, anayekula matumbo ya samaki yanayotupwa mwaloni bila kudai mshahara, naye tumheshimu kidogo.

Fundi ametaja shilingi milioni 5 kwa mtumbwi wa futi 28, na injini iliyotumika ni milioni 7. Jaketi za kuokolea maisha bado hatujazipigia hesabu. Mkononi tuna 1,850,000: michango ya wavuvi, sadaka ya Jumapili mbili, na bahasha kutoka msikitini ambayo, tuseme ukweli, ilizidi sadaka zote mbili. Wakristo mmesikia.

Pesa zitapokelewa na mhazini mbele ya mashahidi wawili, kila shilingi itaandikwa daftarini, na risiti zitabandikwa kwenye ubao wa mwalo. Msitume kwa mtu mwingine yeyote, hata akijiita mwenyekiti.

Wapo waliojenga maghorofa kwa samaki wa maji haya na hawajawahi kutununulia hata kasia. Majina yao hatutayataja. Siku ya harambee, uwanjani mwa shule ya msingi baada ya ibada, tutasoma kwa sauti orodha ya waliotoa, na watu wa hapa wanajua kusikiliza nani hakutajwa.

Asiye na pesa alete mbao, misumari au debe la lami. Fundi ameahidi kuanza kazi tukifikisha nusu ya bei ya mtumbwi. Kwa hiyo leo tunahitaji 650,000 tu ili ashike randa.